Kisu cha Kumwendea Kamongo

Tangu nirudi kutoka kwetu kijijini, kila anayekuja kwangu kuchukua nguo anaanza na vidole vyangu. Anavitazama kwanza, anaona viko vyote, ndipo anauliza kama suruali yake iko tayari. Nimechoka kusimulia vipande vipande huku mguu uko kwenye cherehani, na nasikia hadithi imeshazunguka Soweto West yote, hapa Kibera, ikiwa na mamba ndani yake. Hakukuwa na mamba. Naandika yote mara moja, mnisome, kisha mniache nishone.

Wanaonijua wanajua mimi ni mwoga. Kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, na mimi tangu utotoni nimependa kicheko. Kwa hiyo ndugu yangu Okoth aliponipigia simu kwamba kamongo ameingia bwawa lake, mate yalinikauka hata kabla hajasema anataka nini.

Kamongo, kwa asiyemjua, ni samaki mrefu kama nyoka aliyenenepa. Anapumua hewa kama sisi, anajizika kwenye matope, na taya zake zikishika kidole haziachi mpaka zikutane. Okoth anafuga samaki wa ngege kando ya kinamasi kule kwetu, na bwawa hilo ndilo linalomlisha Mama. Sasa mgeni huyu alikuwa anawamaliza ngege wachanga. Okoth alikuwa amejaribu kumtoa mwenyewe.

"Ameniharibu mkono," aliniambia. "Ile ya kulia. Kuja, Odhis. Hakuna mtu mwingine."

Niliangalia mkono wangu wa kulia. Fundi wa nguo asiye na vidole ana kazi gani? Mke wangu Achieng aliniona nilivyokuwa. Hakuniambia nisiende, maana Mama ni Mama. Alisema tu, "Beba kisu mrefu. Vidole zako zikae mbali na hiyo mdomo." Ushauri huo ulinikaa kichwani safari nzima, na kama mtakavyoona, ndio karibu uniponze.

Soweto West hadi Kabiro

Nilitembea kwenda Kawangware kwa sababu ya rafiki yangu Wafula. Yeye ni mtu wa upande wa Busia, anafua visu kutokana na spring za lori kwenye kibanda cha mabati nyuma ya ploti anayokaa huko Kabiro. Wauza nyama wengi wa Kawangware wanakata kwa visu vyake. Njiani, kutoka Kambi Muru mpaka nilipovuka Ngong Road, niliangalia kila kisu nilichopita: cha muuza nanasi, cha muuza sukuma, cha kinyozi. Vyote vilionekana vifupi.

"Niaje fundi," Wafula aliniambia bila kuacha kunoa. "Leo umekuja kushonwa ama kushona?"

"Niko na shida ya kisu."

"Mbuzi ama kuku?"

"Kamongo."

Aliacha kunoa. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaona sicheki, akaingia ndani na kutoka na visu vitatu. Wafula hampi mtu kisu mkononi. Mama yake alimfundisha kwamba kisu huwekwa chini na anayekitaka anakiokota mwenyewe, ili kikimkata asimlaumu aliyempa. Alivipanga vitatu vyote juu ya gunia.

Cha kwanza kilikuwa kifupi na kipana, mpini wake wa mti umefungwa mpira wa tyubu, mweusi na mbaya kutazama. Cha pili kilikuwa cha kawaida, cha jikoni. Cha tatu kilikuwa kirefu, chembamba, mpini wake wa pembe ya ng'ombe uliopigwa msasa ukang'aa.

"Chukua hii fupi," Wafula alisema. "Haina sura, lakini ni ya kazi."

"Hiyo itaniweka karibu na meno."

"Basi hii ndefu. Lakini hii ni ya kuonyesha watu, buda. Ni kama ile ulipelekea bro yako Krismasi. By the way, iko aje?"

"Hajalalamika."

Niliokota kifupi, nikakirudisha. Niliokota kirefu, nikanyoosha mkono, nikapima kwa macho umbali wa ncha na vidole vyangu. Nikakirudisha, nikaokota tena kifupi. Wafula alichoka. "Mchagua jembe si mkulima," alisema. "Na hii ukiendelea hivi, kamongo itazeeka ikufe yenyewe."

Nilichukua kirefu. Nilimwomba twende pamoja, na alikubali upesi kuliko nilivyotarajia, kwa sababu hajawahi kuona kisu chake kikiwinda. Nilishukuru Mungu kwa kiburi cha mafundi.

Kabiro kurudi Soweto West

Kisu hakikuwa na ala, na ala ni kitu ninachoweza kushona mwenyewe. Kwa hiyo nilikifunga kwenye gazeti, nikakipitisha ndani ya suruali kando ya paja, nikaanza kurudi nyumbani kukishonea. Nilitembea kama mtu mwenye jipu.

Nilikuwa nimeingia tayari upande wa Kibera niliposikia sauti ya mwanamke: "Mwizi! Simu yangu! Mwizi!" Vijana wawili walinipita mbio, na nyuma yao watu, na watu hao hawakuwa wameona ni nani aliyechukua simu. Mmoja aliokota jiwe huku akinitazama mguu. Mnajua kinachompata mtu akikutwa na kisu saa kama hiyo. Hakuna anayekuuliza kama unakwenda kuvua samaki. Miguu yangu ilitaka kukimbia na paja halikuweza kukunjika, na nilihisi jasho baridi likishuka mpaka kwenye gazeti.

Mkono wa mtu ulinivuta shati. Alikuwa mama mmoja muuza chapati na maharagwe ya madondo, mnene, ana kitambaa kichwani. Alinikalisha kwenye benchi yake na kuniwekea sahani mbele.

"Kula," alisema kwa sauti ya chini. "Ukikimbia umekufa. Kula kama mtu amekaa hapa tangu asubuhi."

Nilikula. Sijui kama madondo yalikuwa na chumvi. Kundi lilitupita, aliyeshika jiwe akanitazama, akatazama mdomo wangu uliojaa chapati, akaenda. Yule mama alingoja mpaka kelele zikaisha.

"Sasa niambie, uko na nini kwa mguu?"

"Kisu."

Aliondoa mkono wake begani mwangu. "Unaenda kuua nani?"

"Samaki, mama. Naapa. Samaki."

Alichukua sahani. "Wacha Mungu akusamehe," alisema, na akaenda kugeuza chapati zake.

Nilifika nyumbani kwangu. Hapo hapo nikakaa kwenye cherehani na kuchukua jeans nzito ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua. Nilishona ala ya kukumbatia kile kisu kila upande, mshono mara mbili, kisianguke, kisionekane, kisitoke mpaka mimi mwenyewe nitake. Hata nilipokipindua na kukitikisa, hakikusogea. Achieng aliijaribu, akashindwa kukitoa, akacheka. Mimi nilijisifu.

Kawangware hadi Londiani

Tulipata nafasi kwenye lori lililokuwa linahamisha vyombo vya familia moja kwenda ushago, kijijini kwao. Dereva alikuwa mtu anayejuana na Wafula. Tulikaa nyuma kati ya kabati na magodoro, na kwa mara ya kwanza tangu simu ya Okoth nililala vizuri. Niliota nashona shati, na kila nikifika kwenye tundu la kifungo linafumba kama mdomo.

Tulisimamishwa na polisi kule juu karibu na Londiani, mahali ambapo baridi inaingia hadi kwenye meno. Afande alitaka kujua kama vyombo ni vyetu. Niliruka chini kumjibu, na kisu, ambacho nilikuwa nimekifunga kiunoni, kikamsalimu kabla yangu.

"Hii ni ya nini?"

Nilikuwa bado natafuta maneno Wafula aliponisaidia kutoka juu ya lori. "Tunaenda kuwinda, afande!"

Laiti ardhi ingenimeza. Afande alituambia tusimame kando ya barabara. "Kuwinda nini?"

"Kamongo," nilisema.

"Hiyo ni mnyama gani? Iko na pembe?" Kisha akaona mpini. "Na hii pembe mmeitoa wapi?"

"Ya ng'ombe, afande."

Hakuamini. Alimpeleka Wafula upande mmoja wa barabara na mimi upande mwingine, akamuuliza kila mtu peke yake kamongo anafananaje. Mimi, kwa kutaka kusema ukweli wote, nilimwambia ana mwili wa nyoka na miguu minne myembamba kama nyuzi, maana yale mapezi yake yanafanana hivyo. Wafula, ambaye amemwona kamongo kwenye sufuria tu, alisema hana mguu hata mmoja. Afande alirudi na uso mgumu.

"Mmoja anasema miguu nne. Mwingine anasema hakuna. Nyinyi mnawinda nini haswa?"

Nilianza kujiona niko seli. Nilimwona Mama akiambiwa. Dereva wetu alikuwa ameshaanza kulalamika, na sikumlaumu. Aliyetuokoa ni mwanamke muuza mahindi ya kuchemsha, ambaye alikuwa amesogea na beseni lake asikose neno.

"Afande, kamongo ni samaki," alisema. "Bwanangu ni wa Ugenya. Hiyo kitu ilikuja kwangu kwa gunia nikafikiria ni nyoka, nikalala kwa jirani."

Afande alimtazama, akatutazama, na mdomo wake ukaanza kucheza. Alikamata kisu akitaka kukiona. Alivuta, hakikutoka. Alivuta tena akiwa ameshika ala kwa magoti, ndipo kikatoka kidogo kidogo.

"Hii kisu yenu hata haitoki. Mtachinja nani nayo?"

Badala ya kufikiri juu ya maneno hayo, mimi nilijivunia mshono wangu. Tulinunua mahindi kwa yule mwanamke, tukapanda, tukala mpaka tulipoanza kushuka kuelekea joto.

Nyumbani

Okoth alitupokea barabarani. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa mpaka kifundo, na vidole viwili vilikuwa vimesimama bila kukunjika hata aliponishika bega. Alisema zahanatini walimshona na kidonda kinafunga, lakini vile viwili vimekataa kusikia. Sikuuliza zaidi. Niliogopa kusikia.

Kwa kuwa Wafula hajui Kijaluo, tulizungumza Kiswahili, hata Mama akajikaza na chake. Alitupikia kuku. Yeye kamongo hamli, anasema sura yake haimpendezi. Kila alipoweka kitu mezani aliangalia mkono wa Okoth, kisha wangu.

"Hiyo kitu ilikula mtoto yangu mkono," alimwambia Wafula. "Sasa naletea mtoto mwingine."

Okoth aliinamia sahani yake. Nilidhani ni maumivu.

Jioni tulikwenda kuliona bwawa. Maji yalikuwa yametulia. Kisha karibu na ukingo kitu kikapanda, kikavuta hewa kwa sauti ya mtu anayenywa uji moto, kikazama. Nilirudi nyuma hatua mbili. Mbali kidogo, upande wa matete, sauti ile ile ilijibu.

"Wako wawili," Okoth alisema.

Bwawani

Asubuhi tulitoboa ukingo kwa jembe, maji yakatoka mpaka yakabaki ya magotini. Mpango ulikuwa hivi: Wafula, mwenye mikono ya kufua chuma, ashike mkuki wa samaki na kumkandamiza kamongo kwenye matope. Mimi nimkate nyuma ya kichwa. Okoth abaki ukingoni na jembe, atuambie maji yanapotikisika. Mama alisimama nyuma yake ameshika shuka yake mdomoni.

Niliingia. Matope yalikuwa vuguvugu, na kila kitu kilichonigusa mguu kilikuwa kamongo. Mzizi ulikuwa kamongo. Ngege aliyenikwaruza alikuwa kamongo. Niliteleza mara moja nikakaa mpaka kiunoni, nikainuka nimelowa chapachapa, kisu na ala pamoja.

"Hapo! Hapo kwa Wafula!" Okoth alipiga kelele.

Wafula alichoma. Matope yalipasuka, na mnyama mrefu kuliko mguu wangu akajizungusha kwenye mkuki. "Kata! Odhis, kata!" Wafula alikuwa anatetemeka mwili mzima kwa kumshikilia.

Nilivuta kisu. Hakikutoka.

Jeans ikilowa inakaza. Hilo ni jambo ninalomwambia mteja kila siku, ndiyo kazi yangu, na kwa woga wa lile kundi lililofukuza mwizi nilikuwa nimelisahau. Nilivuta kwa mkono mmoja, nikavuta kwa miwili. Kichwa cha kamongo kiligeuka kuelekea goti langu, mdomo wazi, na nilisikia mtu akilia, nikatambua ni mimi. Mkia wake ulikuwa umenipiga mikono, ikajaa ute wake unaoteleza kuliko sabuni. Pembe ile laini ya mpini ilianza kunitoroka kiganjani, nami nikaishika karibu zaidi na chuma ili nipate nguvu. Nilihisi kisu kinaanza kuachia.

"Wacha kisu!" Ilikuwa sauti ya Okoth, lakini sikuwahi kumsikia akipiga kelele namna ile. "Odhis! Wacha hiyo kisu! Wacha!"

Nilimwona anaruka ndani ya maji na jembe katika mkono wa kushoto. Niliachilia, nikaanguka kinyumenyume. Okoth alimpiga kamongo kichwani kwa mgongo wa jembe, akampiga tena, akaendelea kumpiga hata Wafula alipomwambia imetosha.

Kisha tulisimama pale tunahema. Kitambaa cha mkono wa Okoth kilikuwa kimelowa na kufunguka, na niliona kidonda. Kilikuwa kimepita chini ya vidole kwa mstari mmoja ulionyooka. Mimi ni fundi. Najua nguo iliyoraruka na najua nguo iliyokatwa.

"Okoth," nilisema. "Hii si meno."

Alijaribu kurudisha kitambaa kwa mkono mmoja akashindwa.

"Haikuniuma," alisema mwishowe. "Nilikuwa nimeishika vizuri, nataka kukata. Mkono ikateleza kwa ile pembe ikaenda kwa makali. Ile kisu uliniletea Krismasi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Ulitoka nayo Nairobi. Ulikuwa unafurahi."

Nilitaka kumshika na sikujua nimshike wapi. Wafula alikaa chini kwenye ukingo, pale pale kwenye matope. Aliomba kisu changu, akakaa anakigeuza geuza, anasugua mpini kwa kidole chake chenye ute. "Mimi huangalia makali tu," alisema. "Makali tu." Alilisema hilo mara nyingi siku ile.

Mama alikuwa amesikia kila neno. Alichukua ndoo yake akaenda kuteka maji.

Kurudi

Kamongo alipikwa, akaliwa kwa ugali na watu wa karibu, lakini Wafula hakula. Tulijaribu kumtafuta wa pili, hatukumpata. Aliingia matope ya chini na tulikuwa tunatakiwa kurudi kazini.

Siku ya kuondoka Okoth alisema, "Niachieni hiyo kisu."

"Hapana," nilisema. "Kabisa."

"Unaniona mtoto? Wewe utaenda. Mimi nitabaki na hii bwawa na hiyo ingine iko ndani. Ile ya Krismasi ilizama kwa matope. Nitatumia nini, meno?"

Nilimtazama Wafula, naye alikuwa ameshaanza. Alikifupisha kisu kwa jiwe na nyundo ya kuazima, akachonga mpini kwa msumari mpaka ukawa na kovu kila mahali, akaufunga mpira wa tyubu ya baiskeli. Pale mpini unapokutana na chuma alifunga waya mnene, mkono usipite. Mimi nilifumua mshono mmoja wa ala ili kisu kitoke hata kikilowa. Tulifanya tulichoweza. Kisha Wafula alikiweka chini mbele ya Okoth, na Okoth akainama, akakiokota kwa mkono wa kushoto.

Safari ya kurudi haikuwa na kisu wala afande, na bado niliiogopa kuliko ya kwenda. Tulipofika Nakuru Wafula alisema amefikiria wauza nyama wake wote, mmoja mmoja, na vidole vyao. Siku hizi anafunga tyubu kwenye kila mpini. Visu vyake vimekuwa vibaya, na wateja wanalalamika.

Wiki iliyopita Mama alipiga simu. Kwa kawaida mpigaji ni Okoth, yeye humwekea Mama simu sikioni. Nilipoona ni namba ya Mama mwenyewe mguu uliganda kwenye cherehani. Nilimwachia Achieng aipokee. Achieng alisikiliza, akanipa simu, akasema, "Ni wewe anataka."

Mama alikuwa ananong'ona kwa Kijaluo. Alisema kile kisu amekitupa kwenye choo cha shimo. Okoth anakitafuta tangu juzi, amepekua nyumba yote, anadhani ni watoto wa jirani. "Usimwambie," Mama alisema. "Na usilete kingine."

Jana Okoth mwenyewe alipiga. Alisema kamongo wa pili amerudi, ngege wanaisha, na kisu kimepotea. Kwa hiyo nimwambie Wafula amtengenezee kingine, hata kikiwa kibaya. Wafula alikuwa ameketi mbele yangu kwenye benchi ya wateja, anasikia. Alitikisa kichwa.

"Wafula hana chuma," nilimwambia Okoth. "Spring zimeadimika Nairobi."

Sijui kudanganya, na nadhani alijua. Aliacha habari za kisu, akaniuliza kama Achieng hajambo.